Uzi, Sindano na Rafu ya Vitabu: Majibu kwa Wafumaji wa Kigoma na Tabora

Barua za safari hii zimetoka miji na vijiji vya mikoa ya Tabora na Kigoma, kuanzia Nzega hadi Ujiji, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kitabu kinasema hivi, mkono umetoa vile. Tumejibu kwa namba pale namba zinapohitajika. Katika majibu yetu, "kitanzi cha mbele" ni kile kinachoacha sura laini ya herufi V, na "kitanzi cha kinyume" ni kile kinachoacha kinundu.

SWALI: Shikamooni. Nimefuma sweta la shule la mwanangu wa darasa la tatu nikifuata kitabu neno kwa neno: vitanzi 83 mbele, vitanzi 83 nyuma, sindano namba 8. Limetoka pana mno, mabega yanamwangukia. Jirani anasema mkono wangu mlegevu. Nifumue lote? (Mama wa Mwanga, Kigoma)

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya kuulaumu mkono, pima sindano. Namba 8 katika vitabu vya zamani vya Uingereza ni sindano ya milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Kwa Waingereza wa zamani namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba; kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inanenepa. Kitabu cha nchi moja kikikutana na sindano za nchi nyingine, matokeo ni hayo uliyoyapata. Kama sindano zako hazikuandikwa milimita, zungushia moja kipande chembamba cha karatasi, weka alama ya kalamu pale karatasi inapokutana na mwanzo wake, kisha kunjua upime. Ukipata takriban milimita 12.5, sindano ni ya milimita 4. Ukipata karibu 16, ni ya milimita 5.

Sasa hesabu ya sweta lenyewe. Mtoto wa kifua cha sentimita 66 huongezewa sentimita 8 za kupumulia, jumla 74, yaani 37 kwa mbele na 37 kwa nyuma. Kitabu chako kinategemea vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa hiyo 37 mara 2.2 ni 81, na viwili vya kuliwa na mshono wa pembeni vinafanya 83. Namba hiyo ni sahihi kwa kipimo hicho tu. Mkono ukitoa vitanzi 20, vilevile 81 vinajaza sentimita 40.5 kila upande, na sweta linazunguka 81 badala ya 74. Kwa sindano ya milimita 5 unaweza kushuka hadi vitanzi 18, na hapo sweta linafika 90. Tofauti ya vitanzi viwili tu katika sentimita 10 inatosha kuhamisha sweta kutoka kwa mtoto wa miaka minane hadi kwa kaka yake wa miaka kumi na moja.

Ndiyo maana kila sweta huanza na kipande cha majaribio. Anzisha vitanzi 34, fuma mistari 44 ya mtindo uleule wa sweta, funga. Kifue kama utakavyolifua sweta, kilaze kikauke, kiache kilale usiku mmoja, ndipo upime sentimita 10 za katikati. Usipime pembeni, kwa sababu vitanzi vya pembeni hudanganya. Hesabu na nusu kitanzi pia. Vitanzi vikizidi, tumia sindano nene zaidi. Vikipungua, tumia nyembamba zaidi. Usijilazimishe kukaza mkono: utaweza mistari michache, kisha mkono utarudia mazoea yake na sweta litakuwa jembamba chini na pana juu.

Kuna njia nyingine ambayo vitabu vingi haviitaji. Ukipata vitanzi 20 na kitambaa kinakupendeza, acha sindano, badili hesabu: 37 mara 2 ni 74, ongeza viwili, anzisha 76. Kwa urefu fuata rula: kitabu kikisema sentimita 24 kabla ya kwapa, pima 24, usihesabu mistari.

Kuhusu kufumua: kama ziada yote haizidi sentimita 4, mshono wa pembeni unaweza kuimeza. Ikizidi hapo mshono utavimba kwapani. Fumua.

SWALI: Niliishiwa uzi wa bluu kabla ya mkono wa pili. Dukani nimepata bluu ileile lakini mkono mmoja umeonekana umepauka. Nitajuaje kiasi cha kununua tangu mwanzo? (Msomaji wa Nzega)

JIBU: Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu hutofautiana kidogo na jingine hata kama jina la rangi halibadiliki. Kwenye lebo kuna namba mbili: moja ya rangi, nyingine ya fungu. Zote mbili lazima zilingane, na uzi wote ununuliwe siku moja. Kwa sweta lako la sasa, fumua mikono yote miwili, kisha changanya: mistari miwili ya uzi wa zamani, mistari miwili ya mpya. Jicho halitauona mpaka.

Kiasi hupatikana kwa kukipima kile kipande cha majaribio kwenye mizani ndogo ya dijitali, kama ile ya muuza viungo. Tuseme kipande cha sentimita 15 kwa 15 kina gramu 8. Eneo lake ni 225. Sweta la mtoto tulilolijadili lina mbele na nyuma za 37 kwa 42, na mikono miwili yenye wastani wa 26 kwa 36: jumla takriban 4,980. Gawa kwa 225, unapata 22. Mara gramu 8 ni 176. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya kingo, shingo na mishono, inafika kama gramu 210. Nunua 250. Gramu 40 zinazobaki zitaziba viwiko mwakani.

SWALI: Habari za kazi. Nataka kuanza kukusanya vitabu vya kufuma, lakini fedha ni za kuungaunga na vitabu vinavyofika huku ni vya mitumba. Nianze na vipi? (Dada wa Ng'ambo, Tabora)

JIBU: Dada, watu wengi huanza na vitabu vya picha za masweta, na ndivyo vinavyozeeka haraka. Uzi uliotajwa mle hauuzwi tena, mabega ni ya mtindo uliopita, na ukishafuma sweta moja kitabu kimekwisha kazi. Weka shilingi yako ya kwanza kwenye kitabu kinachofundisha njia: kuanzisha vitanzi kwa namna kadhaa, kupunguza kwa kulalia kulia na kulalia kushoto, kuokota vitanzi vya shingo, kuunganisha mabega, kurekebisha kitanzi kilichodondoka. Mfano mzuri ni Mary Thomas's Knitting Book, kilichotoka Uingereza mwaka 1938 na ambacho kimeendelea kuchapwa upya. Michoro yake ni ya wino mweusi na inaonyesha uzi unapopita, jambo ambalo picha nyingi za rangi hazilionyeshi.

Cha pili kiwe kamusi ya michoro ya kufuma: misokoto, matundu, vikapu, mawimbi. Barbara G. Walker wa Marekani alianza kuchapisha za kwake mwaka 1968, na bado hazijapata mpinzani kwa wingi wa mitindo. Maelezo katika kitabu chake cha kwanza ni ya maandishi, kwa hiyo yanataka subira kwa asiyezoea vifupisho.

Cha tatu ndicho kitakachokufungua mikono: kitabu kinachokufundisha kutoa sweta kutoka kwenye vipimo vya mwili na kipimo cha uzi wako, bila kufuata mchoro wa mtu. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyeishi Marekani, aliandika Knitting Without Tears mwaka 1971 kwa msimamo huo. Kwa anayefuma na uzi wowote unaopatikana soko la Tabora, kitabu cha namna hii kina thamani kuliko vijarida ishirini vya michoro.

Kama simu yako inapokea faili, maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg inatoa bure, kihalali, kitabu kikubwa cha kazi za sindano cha Thérèse de Dillmont cha mwaka 1886. Hakimiliki yake imekwisha. Sura ya kufuma unaweza kuichapisha stesheneri na kuijalidi kwa uzi. Na ukikutana na kitabu cha Kijapani usikiache kwa sababu ya lugha. Wajapani huchora vazi zima likiwa na sentimita kila upande na idadi ya vitanzi na mistari, na alama zao zimesanifiwa. Ukizijua alama, unafuma. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi wanatoa saizi moja tu.

Mbele ya meza ya muuza mitumba, fungua kitabu ukague haya kabla ya kutaja bei. Kuna ukurasa wa vifupisho? Kila vazi limeandikiwa idadi ya vitanzi katika sentimita 10 au inchi 4? Lisiloandikiwa ni picha tu. Kuna mchoro wa vazi wenye vipimo? Kama kitabu kilikuwa na karatasi kubwa ya kukunjwa mfukoni mwa jalada la nyuma, ipo? Tazama pia alama za penseli: mtu aliyezungushia saizi na kusahihisha namba amekufanyia hisani, kwa sababu makosa ya uchapaji katika vitabu vya kufuma ni ya kawaida. Vitabu vya zamani hupima uzi kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28. Inchi moja ni sentimita 2.54.

Juu ya hivyo vyote, daftari lako mwenyewe. Kila vazi liwe na ukurasa wake: lebo ya uzi ibandikwe, sindano iandikwe kwa milimita, kipande cha uzi kifungwe, vitanzi na mistari, vipimo vya mvaaji, gramu zilizotumika. Andika na lililoharibika: "shingo ilibana, okota vitanzi 8 zaidi." Hakuna kitabu cha dukani kitakachokuambia hilo kuhusu mkono wako.

SWALI: Kitabu changu ni cha Kiingereza na kimejaa herufi. Nisaidieni kuzisoma. (Kijana mfumaji, Kasulu)

JIBU: K ni kitanzi cha mbele, P ni cha kinyume. "K5" ni vitano vya mbele. "K2tog" ni kufuma viwili kwa pamoja, kupunguza kimoja kwa kulalia kulia. "Sl 1, K1, psso" ni kuhamisha kimoja bila kukifuma, kufuma kinachofuata, kisha kukivusha kile cha kwanza juu yake: kupunguza kwa kulalia kushoto. "Tbl" ni kufuma kwa kuingilia nyuma ya kitanzi. Nyota inaonyesha pa kurudia. "St" ni kitanzi, na "sts" ni vitanzi.

Waingereza huandika "cast off" pale Wamarekani wanapoandika "bind off", na zote ni kufunga vitanzi. Kipimo cha vitanzi Waingereza hukiita "tension", Wamarekani "gauge". Ukiona "bind off" na "gauge", sindano ni za namba za Marekani. Linganisha na jibu la mama wa Mwanga hapo juu.

Mtego mkubwa ni RS na WS. RS ("right side") ni upande wa nje wa kitambaa, ule utakaoonekana, wala haihusu mkono wa kulia; WS ("wrong side") ni upande wa ndani. Lakini "right front" ya sweta la vifungo ni kipande cha mbele cha kulia cha mvaaji akiwa amelivaa. Neno moja, kazi mbili, na wengi wameishia na vipande viwili vya kushoto.

Namba zilizofungwa kwenye mabano, kama 83 (87, 91), ni saizi zinazofuatana. Kabla ya kushika sindano, pita ukurasa mzima na penseli ukizungushia za kwako.

SWALI: Kwenye marobota ya mitumba kuna masweta mazuri ya sufu kwa bei ndogo. Naweza kuyafumua nipate uzi? (Mama wa Igunga)

JIBU: Unaweza, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata sufu halisi katika mikoa hii. Siri iko kwenye mshono. Geuza sweta ndani nje. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache: kila mstari umekatwa pembeni, na utavuna vipande vya nusu mita. Unachotaka ni kingo kamili zilizounganishwa kwa mshono wa mnyororo, unaofanana na msuko mwembamba. Kata ncha moja ya mnyororo huo, vuta, na mshono wote utaachia wenyewe. Liache pia sweta lililoganda kama blanketi. Sufu iliyogandamana haifumuki.

Uzi wa nini? Kata sentimita 5, ushike kwa kibanio juu ya beseni la maji, uguse moto. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto hujizima, na jivu husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Ukipata mchanganyiko wa dalili, ni uzi mchanganyiko.

Tenganisha mishono ya pembeni kwanza, kisha mikono, mabega, mwisho ukosi. Anza kufumua kutoka juu, kwa kuwa masweta mengi hufumwa kuanzia chini na kitambaa hufumuka vizuri kutoka kwenye mwisho wake. Zungushia uzi kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, ufunge sehemu nne kwa fundo legevu lenye umbo la 8, uloweke dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze kwa maji ya joto lilelile, ukamue bila kupinda, uning'inize kivulini. Mikunjo itanyooka. Usiruke hatua hii: kipande cha majaribio kilichofumwa kwa uzi wenye mikunjo kitakupa namba ya uongo, na sweta litabadilika saizi siku ya kwanza ya kufuliwa.

Uzi wa kiwanda huwa mwembamba. Unganisha nyuzi mbili au tatu, zizungushie rula bila kubana wala kuacha nafasi. Mizunguko 11 hadi 14 ndani ya sentimita 2.5 inakaribia uzi wa sindano ya milimita 4. Sweta moja la mtu mzima huweza kutoa gramu 300 hadi 500. Uweke wenyewe kwenye mfuko uliofungwa mpaka ufuliwe, usije ukaleta mayai ya nondo kwenye uzi mwingine.

SWALI: Ukingo wa chini wa sweta unajikunja juu kila ninapolipiga pasi. (Msomaji wa Urambo)

JIBU: Kitambaa chenye vitanzi vya mbele vitupu upande wa nje hujikunja kwa asili yake: chini huja mbele, pembeni huenda nyuma. Pasi haitatibu. Anza kila vazi na sentimita 5 za kitanzi kimoja cha mbele, kimoja cha kinyume, kwa sindano ya milimita 3.25 kama mwili ni wa milimita 4. Kwa sweta lililokwisha, kata mshono wa pembeni, okota vitanzi vya ukingo wa chini na ufume mkanda huo kuelekea chini.

SWALI: Naomba hesabu ya kofia ya mtoto mchanga kwa sindano mbili za kawaida. (Nyanya mtarajiwa, Sikonge)

JIBU: Shikamoo, bibi. Kichwa cha mtoto mchanga huzunguka takriban sentimita 35, na kofia huwa ndogo kidogo ili ishike. Kwa kipimo cha vitanzi 22, anzisha 74: 72 vya kofia na kimoja cha mshono kila upande. Fuma sentimita 3 za mbele 1, kinyume 1, kisha endelea kwa mtindo laini (mstari mmoja mbele vyote, wa kurudi kinyume vyote) hadi kimo cha sentimita 10. Mstari unaofuata, ukiacha kitanzi cha pembeni, fuma 7 kisha 2 kwa pamoja, mara nane. Mstari wa kurudi, kinyume vyote. Halafu 6 na 2 kwa pamoja, na kuendelea hivyo ukishuka namba moja kila mara, hadi vibaki vitanzi 10. Kata uzi wa sentimita 40, upitishe kwenye vitanzi vyote kwa sindano yenye tundu pana, uvute, ushone nyuma. Gramu 25 za akriliki laini zinatosha. Usiweke kamba ndefu za kufungia shingoni.

SWALI: Sweta la akriliki limelegea na kung'aa baada ya pasi ya mkaa. Linarudi? (Msomaji wa Kibondo)

JIBU: Halirudi. Akriliki ni plastiki, na joto limeshazilainisha nyuzi zake moja kwa moja. Fua, bonyeza maji ndani ya taulo, lilaze juu ya khanga kivulini ukilinyoosha kwa mikono hadi vipimo vyake. Kulaza huku ni kwa sufu na pamba pia, maana sweta bichi likining'inizwa hurefuka kwa uzito wa maji. Sufu ina hatari yake: maji ya moto, kusuguliwa, au kutoka maji ya moto kwenda ya baridi ghafla. Hapo magamba ya unyoya hushikana na sweta husinyaa.

SWALI: Vitabu vyangu vimeota ukungu masika, na rafu ya chini imeingiliwa na mchwa. (Mwalimu mstaafu, Ujiji)

JIBU: Mwalimu, ukungu hutaka unyevu na hewa iliyotuama, na kando ya ziwa vyote viwili vipo miezi mingi. Sogeza rafu sentimita 5 kutoka ukutani, na usiitegemeze ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Kitabu kilichoota ukungu kitoe nje, kisimamishe wima kurasa zikiwa wazi, kivulini penye upepo, hadi kikauke kabisa. Ndipo upanguse vumbi la ukungu kwa brashi laini ukiwa umefunika pua. Ukipangusa kikiwa kibichi unausugulia ndani ya karatasi. Jua kali la mchana hukausha gundi ya mgongo na kurasa zikaachia. Na usikifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hakijakauka.

Kwa mchwa, miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye oili, isiguse ukuta popote, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 20. Kagua nyuma ya rafu kila wiki wakati wa mvua. Njia ya udongo yenye upana wa penseli ndiyo dalili ya kwanza. Michoro unayoitumia mara kwa mara inakili kwa mkono kwenye daftari, na daftari hilo liweke chumba kingine.